Miguu ya Nyanya

Nyanya yangu aliacha dawa ya kolesteroli mwezi wa Ramadhani, na si kwa sababu ya saumu. "Inanikula miguu," aliniambia tukiwa barazani hapa Wabera, mtoto wa jirani akimkanda mapaja. Mwaka jana alipata kiharusi kidogo, ndiyo maana akaandikiwa dawa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kumbishia. Nina bando tu. Nikaanza kusoma.

Hadithi inapitia hapa karibu. Mwaka wa 1962, Gerald Shaper, daktari wa Makerere, alichapisha utafiti juu ya majirani zetu Wasamburu. Walikunywa maziwa kwa wingi, na bado kolesteroli yao ilikuwa chini. Nyanya alicheka. "Hao walikuwa wanatembea. Mimi nashinda nimekaa dukani."

Dawa yenyewe ilitoka kwenye kuvu. Mwaka wa 1973, baada ya kupima kuvu kama 6,000, Mjapani Akira Endo alipata kitu kinachozuia mwili kutengeneza kolesteroli. Mwaka wa 1987 Marekani iliidhinisha statini ya kwanza.

Hofu ya nyanya si ushamba. Agosti 2001, kampuni ya Bayer iliondoa sokoni statini yake, cerivastatin, kwa sababu ya vifo vilivyohusishwa na kuvunjika kwa misuli.

Halafu nikakuta jaribio la London la mwaka wa 2020. Watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa chupa 12, moja kila mwezi: 4 za statini, 4 za tembe zisizo na dawa, 4 tupu kabisa. Asilimia 90 ya mateso ya miezi ya statini yalijitokeza pia kwenye miezi ya tembe za bure. Nusu yao wakarudia dawa.

Hapo nikakosea. Nilimwambia, "Nyanya, ni akili tu." Alininyamazia siku mbili, na alikuwa na haki. Wale watu wa London waliumwa kweli. Swali lilikuwa maumivu yanatoka wapi.

Sasa kuna kalenda ukutani. Kila asubuhi anaweka alama: imeuma, haijauma. Hii ni wiki ya tatu bila dawa, na miguu bado inauma. Jumatatu tunaipeleka kalenda kwa daktari. Mguu ukiuma, nyanya husema. Mshipa wa kichwani, mara ya kwanza, haukusema kitu.