Nozeli na regyuleta: kabla hujaivalisha Corolla ya kabureta injini ya EFI

Huku Hanga na vijiji vya jirani Corolla za zamani za kabureta bado zinapiga kazi, zinabeba watu, mahindi na kuku. Mwenye gari akichoka kuhangaika na kabureta, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani ni kutafuta injini ya EFI ya mtumba aichomeke. Wazo si baya. Shida inaanza pale mkwanja wote unapoishia kwenye injini yenyewe, halafu nozeli, regyuleta na pampu zinaokotwa moja moja, kila kitu na gari lake. Hapo ndipo gari linakunywa mafuta kama trekta, au linawaka moto kabisa.

Tuchukue mfano ulio mwepesi kwa mtu wa kipato cha kawaida: Toyota 5A-F na 5A-FE. Ni injini ndugu za cc 1,500. Ile ya kwanza ni ya kabureta, ya pili ina E mwishoni, na hiyo E ndiyo habari nzima: mafuta yanapulizwa kwa nozeli zinazoamriwa na kontroli boksi. Ndugu zao wa cc 1,600 ni 4A-F na 4A-FE. Kwa kuwa ni ukoo mmoja, kuifunga kwenye bodi haisumbui sana. Kinachosumbua ni mafuta.

Ukinunua injini, chukua nozeli zake, reli yake (lile bomba linalozibeba), regyuleta yake, kontroli boksi yake na waya zake, vyote vya injini ile ile. Kontroli boksi haipimi mafuta yanayotoka. Inachojua ni kwamba nozeli nikiifungua kwa muda huu, kwa presha hii, itatoa kiasi hiki. Ukibadilisha nozeli au presha bila yenyewe kujua, umeidanganya.

Kuna vijana wanaamini nozeli kubwa ndiyo nguvu. Jamani, tupige hesabu. Injini ya petroli isiyo na tabo inahitaji kama cc 5.25 za mafuta kwa dakika kwa kila nguvu farasi moja. Farasi 100 ni cc 525. Gawa kwa nozeli 4, unapata 131. Nozeli haitakiwi kufunguka muda wote, iachie nafasi ya kupumua, tuseme ifanye kazi asilimia 80 ya muda. Unapata kama cc 164 kwa dakika. Basi! Ukiweka ya cc 250 hujaongeza farasi hata mmoja. Sensa ya eksozi itajaribu kupunguza mafuta mpaka ifike mwisho wake, plagi zitakuwa nyeusi kama chungu, na petroli ya ziada itaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampo. Injini uliyoinunua juzi inakuwa kimeo.

Jambo la pili ni umeme. Chukua mita, pima kati ya pini mbili za nozeli. Toyota nyingi za aina hii zinasoma omu 13 hadi 14. Zipo nozeli zinazosoma omu 2 au 3 tu, na zinahitaji rezista au kontroli boksi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kwa macho zinaweza kufanana kabisa. Ila kontroli boksi iliyozoea kupitisha ampea 1 kwa nozeli moja ikikutana na ampea 5 inaungua, na kuipata nyingine kwa bei ile ile ni bahati. Kipimo hiki kinachukua dakika mbili dukani. Mzigo wako ukitoka Kariakoo ni zaidi ya kilomita 900 mpaka Songea, kwa hiyo kama unamtuma mtu, mwambie aende na mita. Muuzaji akikataa nozeli zisipimwe, jibu umeshalipata.

Sasa regyuleta. Kile kikopo kilicho mwisho wa reli kina springi na utando wa mpira ndani, na kazi yake ni kuruhusu mafuta ya ziada yarudi kwenye tangi. Kwa 4A-FE na 5A-FE, ukichomoa mpira mwembamba wa vakyumu, geji isome PSI 38 hadi 44. Ukiurudisha, gari likiwa sailensa, presha ishuke mpaka 30 hadi 37 hivi. Wengi wanaona kushuka huko ni ugonjwa. Hapana, ndivyo inavyotakiwa: manifoldi inavuta, kwa hiyo regyuleta inapunguza presha ili tofauti kati ya juu na chini ya nozeli ibaki ile ile. Fundi akiziba mpira huo kwa skrubu, umelipia mafuta ya bure kila unaposimama.

Uchomoe mpira huo injini ikiwaka. Ukikuta petroli ndani, utando umepasuka, tafuta regyuleta nyingine. Na zile za kukaza kwa skrubu, zenye rangi za kuvutia? Kwa injini ya kawaida achana nazo. Ukipandisha presha kutoka PSI 43 hadi 57, yaani theluthi nzima, mafuta yanaongezeka kama asilimia 15 tu, huku pampu ikiteseka.

Pampu ya kabureta inatoa PSI 3 hadi 5, kwa hiyo haifai hata kidogo. Dawa nzuri ni tangi la Corolla ya bodi hiyo hiyo iliyozaliwa na EFI, likiwa na pampu yake ndani na bomba la kurudisha mafuta. Bomba hilo likibonyea, presha inapanda hata regyuleta ikiwa mpya. Ukileta injini za baadaye kama 1NZ-FE, mambo yanabadilika: regyuleta yake imo ndani ya tangi pamoja na pampu, presha ni PSI 44 hadi 50, na bomba la kurudisha mafuta kutoka kwenye injini halipo.

Mipira ya mafuta usifanyie ubahili. Wa EFI huandikwa 30R9, wa kabureta 30R7. Klipu nzima, oringi mpya kwenye kila nozeli. Petroli ya PSI 40 ikivuja juu ya eksozi, hakuna muda wa kuita mtu.

Kabla ya kufunga, mpe fundi azipime nozeli nne kwenye chupa nne, sekunde 15 kila moja. Zikipishana zaidi ya cc 5, kuna iliyoziba. Ifanyike nje, mbali na wanaochomelea, na waya wa betri uungwe mbali na chupa. Chujio jipya ni lazima, hasa kwa sisi tunaojaza mafuta ya madumu. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta 2010, na 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe, lakini kutu na maji ya ndani ya dumu havijali vinasaba.

Mwisho, namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Dai risiti na karatasi za injini kabla hujalipa, maana TRA watazitaka utakapokwenda kubadilisha kadi, na trafiki naye anajua kufungua boneti.