Chui, Nyama ya Porini na Mji wa Kindu

Aghalabu historia ya uhifadhi huanzia kwenye sheria. Ile ya chui wa Maniema yafaa ianzie kwenye desturi. Miongoni mwa Walega, meno na ngozi ya chui vilikuwa alama za wenye vyeo vya juu katika chama cha bwami, na aliyemwua chui hakuweza kujitwalia mnyama huyo peke yake. Serikali ya Wabelgiji ilipokipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, yamkini ilidhoofisha, pasipo kukusudia, kizuizi kimojawapo cha uwindaji.

Hata hivyo, hatari ya siku hizi haitokani na ngozi tu. Chui wa msituni huishi kwa paa wadogo, nguruwe mwitu na kima, na hao ndio wanaopakiwa kwenye baiskeli kwenda kuuzwa mjini. Utafiti wa Philipp Henschel na wenzake nchini Gabon, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa wawindaji wakimaliza mawindo yake, chui hutoweka ijapokuwa msitu umesimama.

Kazi waliyoianza John na Terese Hart mwaka 2007 katika bonde la Lomami ilitangulia kwa kutembea msituni na kuhesabu nyayo, vinyesi na mitego. Kisha wazee wa vijiji wakaombwa idhini, matambiko yakafanywa, na mwaka 2016 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, yenye karibu kilomita za mraba 8,900. Idhini hiyo ilihusu ardhi; biashara ya nyama, iliyokuwa mikononi mwa wachuuzi wa mjini, haikuwa ya wazee kuizuia.