Tulivyokaa Kamati ya Vipeperushi

Uzazi wa mpango hatukuuanza sisi. UMATI iliundwa mwaka 1959, wengi wetu hatujazaliwa. Sisi tuliitwa zahanati, tukawa kamati ya kupitia vipeperushi kabla havijachapishwa. Picha ya vidonge ilionyesha mama na mumewe kitandani. Mwenzetu akasema, "Ndiyo maana mimi nilikuwa nameza siku baba watoto amerudi tu." Tulicheka, halafu tukanyamaza, kwani mtoto alikuwa mgongoni. Tukadai achorwe mama peke yake, anameza kila siku, saa ile ile, vidonge vyote 28, hata vile 7 vya kahawia tulivyokuwa tunavitupa, kumbe vinalinda hesabu ya siku. Mtaalamu alibisha kidogo, akaandika. Karatasi iliporudi, mwenzetu yule ndiye aliyetusomea.