Karatasi za Kabaila wa Strokestown

Mwaka 1979, Jim Callery, mfanyabiashara wa mji mdogo wa Strokestown katika kaunti ya Roscommon nchini Ireland, alinunua shamba la familia ya Mahon ili apate nafasi ya kupanulia biashara yake ya malori. Pamoja na ardhi alipata jumba kubwa la makabaila hao, na ndani yake akakuta shehena ya karatasi: hesabu za kodi, barua za wakala, orodha za wapangaji. Mojawapo ilikuwa barua ya mwaka 1846, ambamo wapangaji wa kitongoji cha Cloonahee walimsihi mwenye ardhi awape kazi kwa kuwa familia zao zilikuwa zinaona njaa. Callery aliazimia nyaraka hizo zibaki zilipozaliwa. Mwaka 1994, Rais Mary Robinson akafungua hapo Makumbusho ya Taifa ya Njaa Kuu.

Njaa hiyo ilianza mwaka 1845, ukungu ulipoozesha viazi mashambani. Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, na mamilioni yao waliishi kwa viazi karibu peke yake, maana kipande cha ardhi walichokodi hakikutosha kulisha familia kwa zao jingine. Hadi mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja wamehama. Miaka hiyohiyo, nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza.

Ukungu uliua viazi. Kilichowafukuza watu kimeandikwa kwenye karatasi za Strokestown. Meja Denis Mahon alirithi shamba hilo mwaka 1845, likiwa na madeni makubwa na wapangaji wasioweza kulipa. Kwa sheria ya wakati huo, mwenye ardhi ndiye aliyelipia ushuru wa kuwatunza maskini kwa kila shamba dogo lenye thamani isiyozidi pauni 4 kwa mwaka. Kwa hiyo kadiri wapangaji wadogo walivyokuwa wengi, ndivyo mzigo wake ulivyokua. Wakala wake, John Ross Mahon, alipiga hesabu akaona kuwalipia nauli ya Kanada ni nafuu kuliko kuwatunza mwaka mmoja katika nyumba ya maskini.

Hesabu ikafuatwa. Mwishoni mwa Mei 1847, wapangaji 1,490 waliondoka Strokestown kwa miguu, wakifuata Mfereji wa Royal mpaka Dublin. Msimamizi wa shamba alitembea nao kuhakikisha kwamba hakuna anayerudi nyuma. Kutoka Dublin walivushwa hadi Liverpool, kisha wakapakiwa katika meli nne zilizoelekea Quebec. Moja ilikuwa Virginius, iliyobeba abiria 476. Homa iliyoenezwa na chawa iliwashika humo ndani, na watu 158 walikufa kabla ya kufika kisiwa cha karantini cha Grosse Île. Katika kisiwa hicho walizikwa zaidi ya wahamiaji 5,000 mwaka huo mmoja. Novemba 1847, Meja Mahon alipigwa risasi akafa akiwa njiani kurudi nyumbani.

Mgeni anayefika leo huyaona maisha ya pande zote mbili mahali pamoja. Jikoni mwa jumba kuna roshani ya ndani, ambako mama mwenye nyumba alisimama kuwatazama watumishi na kuwadondoshea orodha ya vyakula vya wiki bila kukanyaga chini. Kuna pia njia ya chini ya ardhi iliyowapitisha watumishi wasionekane na wageni. Baada ya kuyaona hayo, barua ya Cloonahee husomeka kwa uzito mwingine: ni sauti ya watu ambao nyumba hiyo ilijengwa ili wasionekane.

Njia ya wale 1,490 nayo imehifadhiwa, kilomita 165 mpaka bandarini Dublin, na kandokando yake vimewekwa viatu vya watoto vilivyosubiwa kwa shaba. Anayekumbukwa zaidi katika safari hiyo ni Daniel Tighe, aliyekuwa mtoto wa miaka 12. Katika familia yake iliyosafiri, yeye na dada yake Catherine tu ndio waliopona. Familia moja ya Quebec iliwachukua na kuwaacha na jina lao, na uzao wa Tighe bado uko Kanada.

Makumbusho mengi ya uhamiaji huanza bandarini, meli inapong'oa nanga, na mhamiaji huonekana kama aliyejichagulia safari. Strokestown huanza ofisini, penye kalamu na daftari la kodi, na hapo ndipo pa haki kuanzia. Kabaila aliandika ili asipoteze hata senti. Kama karatasi zake zingechomwa, leo tungeambiwa kwamba watu wale walikwenda kutafuta maisha. Kila nchi iliyowahi kuona watu wake wakihama kwa njaa ina madaftari ya namna hii mahali fulani. Yatafutwe na yahifadhiwe, nao wajukuu wa waliohama wapewe nafasi ya kuyasoma.