Poubelle: Jina la ukoo lililogeuka pipa la taka

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Lakini je, msomaji, jina hilo likibandikwa pipa la taka litang'ara vipi?

Hebu tulitazame jina Poubelle. Zamani lilikuwa jina la ukoo tu nchini Ufaransa, tena la watu wachache. Eugène Poubelle, aliyezaliwa Caen mwaka wa 1831, alikuwa mkuu wa mkoa wa Seine, uliojumuisha jiji la Paris. Mwishoni mwa 1883 aliwaamuru wenye nyumba wawawekee wapangaji vyombo vya taka vyenye vifuniko. Hata aliagiza taka zitenganishwe: zinazooza kando, karatasi na matambara kando, vigae na makombe ya chaza kando.

Wenye nyumba walilalamikia gharama, nao waokotaji taka wakaona riziki yao inafunikwa. Magazeti yakaviita vyombo hivyo "masanduku ya Poubelle". Wasemaji nao, kama ilivyo kawaida yao, wakafupisha: "sanduku" likadondoshwa, Poubelle likabaki, sasa kwa herufi ndogo.

Hivyo ndivyo nomino ya pekee inavyogeuka kuwa ya kawaida. Sisi pia husema dizeli bila kumkumbuka Mjerumani Rudolf Diesel. Tofauti ni kwamba dizeli haimwaibishi mtu. Mtoto wa ukoo wa Poubelle akiitwa darasani, wenzake husikia "pipa". Ndiyo maana sheria ya Ufaransa, tangu 1803, humruhusu mwenye sababu nzito kuomba jina jingine.

Bwana huyo aliisafisha Paris. Jina la ukoo wake ndilo lililochafuka.