Kima cha Ziwa Nyasa, 1915 hadi 1935

Wakazi wa mwambao wa Ruvuma, kuanzia Lituhi hata Mbamba Bay, tangu zamani wanajua kwamba ziwa lao lina desturi ya kupanda na kushuka; kwani mvua za masika zinaposhika mwezi wa Desemba, maji huanza kujaa, na ifikapo Mei huwa yamepanda kwa kadiri ya mita moja, kisha hupungua polepole hata Novemba, na mvuvi huifuata mipaka yake kwa kuusogeza mtumbwi, mara juu ya mchanga, mara chini. Lakini juu ya desturi hiyo ya kila mwaka lipo badiliko jingine, refu zaidi, ambalo halionekani ila kwa aliyeweka hesabu ya miaka mingi.

Mwezi wa Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoingia bandari ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na kuipiga mizinga meli Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ziwa lilikuwa limekaribia kufika chini kabisa. Mwaka uliofuata, 1915, kima kilikuwa takriban mita 470 juu ya usawa wa bahari, na mto Shire, ambao ndio mlango wa pekee wa kutokea maji upande wa kusini, ukakauka mwanzoni mwake; mchanga na matete vikauziba, na kwa muda wa miaka 20 hivi ziwa likawa linapokea tu pasipo kutoa, isipokuwa kile kilichochukuliwa na jua.

Hapo ndipo hesabu ilipodhihirika. Mvua iliyonyesha juu ya ziwa lenyewe, pamoja na ile iliyoteremka kutoka milima ya Mbinga na bonde la Ruhuhu, ilizidi kidogo kiasi kilichogeuka mvuke, na ziada hiyo ikajilimbikiza mwaka hata mwaka, hata kufikia katikati ya miaka ya 1930 kima kikawa kimepanda kwa zaidi ya mita 5. Tukiichora habari hii katika grafu, miaka ikae chini na kima kisimame wima, mahali mstari unapokata mhimili wa wima ni mita 470, yaani hali ya ziwa mwaka tulioanza kuhesabu. Na mwinamo wa mstari ni robo mita na zaidi kidogo, yaani nyongeza ya kila mwaka mmoja. Namba ya kwanza inatuambia tulikotoka, na ya pili inatuambia mwendo. Tena lazima tulinganishe Mei na Mei, au Novemba na Novemba. Maana aliyepima Novemba ya mwaka huu na Mei ya mwaka ujao atapata mwinamo wa uongo, akadhani ziwa linataka kumeza nchi.

Lakini kila mwinamo una sababu yake, na sababu ikiondoka, mwinamo nao hubatilika. Mnamo 1935 maji yaliyozidi yaliuvunja ukingo wa mchanga, Shire ikatiririka tena, na mstari ule ukakoma. Lau mtu angeuendeleza kwa robo mita kila mwaka hadi 1980, angepata kima cha mita 486 na zaidi, ilhali kilele cha miaka hiyo, ambacho ni cha juu kabisa katika vipimo vya karne ya 20, kilikuwa takriban mita 477. Tofauti ya mita 9 ni tofauti baina ya kijiji kilichosimama na kijiji kilichozama. Tena tangu 1965 bwawa la Liwonde, huko Malawi, limetia mkono wa binadamu katika mwendo huo.

Basi mwalimu wa Mbinga anayefundisha somo hili asihangaike kutafuta mfano wa mbali, maadamu ziwa liko karibu. Na kila mwanafunzi aonyeshwapo mstari ulionyooka, aulize mambo matatu: ulianzia wapi, unapanda kwa kiasi gani, na ni jambo gani linaloufanya upande; kwani asiyeuliza la tatu, mengine mawili hayatamfaa kitu.