Chaneli ya runinga ya Meru inavyopangwa Geneva

Mzee anayetazama taarifa ya habari Maua na kijana anayepakua video kwenye simu mjini Embu wanatumia rasilimali moja, nayo ni mawimbi ya redio. Hayaonekani wala hayana harufu, na kwa hivyo wengi wetu hudhani ni ya bure na hayaishi. Sivyo. Yana mipaka na yana wenyewe, na katika miaka ishirini iliyopita kipande kikubwa kimetolewa kwa runinga kikapewa simu. Wasomaji wengi wa hapa Pwani wana jamaa na wenzao wa biashara huko Meru na Embu, nami nimefunga antena kwenye miteremko ile. Naona ni vyema tueleweshane jambo hili lilivyokwenda, kwa sababu mgao mwingine unanukia.

Ni masafa gani tunayozungumzia

Masafa hupimwa kwa megahezi. Runinga zetu zilikuwa na uwanja mpana kuanzia 470 hadi 862. Kila chaneli huchukua megahezi 8, na ukigawanya utapata chaneli 49, zilizopewa nambari 21 hadi 69. Redio za FM ziko mbali na hapo, kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana wasikilizaji wa Muuga FM kule Meru na Wimwaro FM kule Embu hawakuguswa na mabadiliko haya.

Kampuni za simu hupenda masafa ya chini kwa sababu mawimbi yake hufika mbali, hupenya kuta vizuri zaidi na huweza kuzunguka kizuizi kidogo. Masafa ya juu, kama 1800 au 2100, yanafaa mjini ambako watu ni wengi na minara iko karibu karibu. Sasa tazama ardhi ya Meru na Embu: Mlima Kenya wenye urefu wa mita 5,199 upande mmoja, milima ya Nyambene upande mwingine, na katikati mabonde ya mito yaliyochimbika sana. Ukitumia masafa ya juu peke yake utahitaji minara mingi mno, na kijiji kilicho nyuma ya kilima kitabaki gizani. Kwa wakulima wa miraa, kahawa na chai, wanaouza na kulipwa kwa simu, hilo si jambo dogo.

Lakini masafa hayo hayo ya chini ndiyo yanayoiwezesha runinga kufika mbali kutoka mtambo mmoja ulio kileleni. Ugomvi ulianzia hapo.

Nani anayegawa

Mgawaji mkuu ni Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lililoundwa mwaka wa 1865 na lenye makao yake Geneva, Uswisi. ITU imeigawa dunia katika kanda tatu. Sisi Afrika tumo Kanda ya Kwanza pamoja na Ulaya na nchi nyingi za Kiarabu.

Mwaka wa 2006 nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikutana Geneva zikaafikiana juu ya mpango wa runinga ya dijitali. Tarehe 17 Juni 2015 iliwekwa kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia katika masafa tunayozungumzia. Baada ya siku hiyo, nchi iliyobaki na analojia isingeweza kumlalamikia jirani ikiingiliwa.

Mwaka uliofuata, 2007, kongamano la dunia likaamua kwamba kipande cha 790 hadi 862 kiende kwa simu katika kanda yetu. Mwaka wa 2012 nchi za Afrika na za Kiarabu zilisimama kidete na kuomba kipande cha pili, 694 hadi 790. Zilikuwa na sababu nzuri. Simu za nyaya hazikuwahi kufika kwa watu wetu wengi, kwa hiyo intaneti ya vijijini ilibidi ipite hewani. Kongamano la 2015 likakamilisha uamuzi huo. Runinga ikasukumwa chini ya 694 na kubakiwa na chaneli 28 kati ya zile 49.

Kwa nini jirani aulizwe

Msomaji atasema: Kenya ni nchi huru, mbona isijipangie? Jibu ni kwamba wimbi halisimami mpakani. Mtambo wa runinga hurusha kwa nguvu nyingi, ilhali mnara wa simu husikiliza sauti dhaifu ya kisimu kilicho mfukoni mwa mtu. Jirani akirusha runinga katika masafa yale yale, mnara wako haumsikii mteja.

Sisi wa Pwani tunalielewa hili haraka zaidi. Vanga na Pemba zinatazamana, na hali ya hewa juu ya bahari huweza kubeba mawimbi mbali kuliko ilivyokusudiwa. Meru haiko mpakani, lakini inaguswa kwa mnyororo. Mathalani, Tanzania ikipewa chaneli fulani kwa Tanga, Mombasa hulazimika kuhama. Mombasa ikihama, huenda kituo cha bara kinachopakana nayo nacho kikahama, na msukumo huo ukaendelea hadi mitambo ya Nyambene. Ni kama kupanga watu kwenye mkeka: mmoja akisogea, wote husogea.

Kazi hiyo iliratibiwa na Muungano wa Mawasiliano Afrika, ATU, wenye makao Nairobi, pamoja na ITU. Nchi 47 za kusini mwa Sahara zilikutana Bamako mwaka wa 2011, Kampala mwaka wa 2012, na zikamalizia Nairobi Julai 2013. Ziliafikiana kwamba kila nchi ibaki na nafasi ya kutosha kwa mitandao minne ya runinga ya dijitali nchini kote, chini ya 694. Kwa kuwa mtandao mmoja wa dijitali hubeba vituo vingi, hesabu ilitosha.

Ilivyofika nyumbani

Hapa Kenya safari haikuwa laini. Mzozo kuhusu leseni za kusambaza matangazo ya dijitali ulifika Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu tarehe 29 Septemba 2014. Ratiba ya kuzima analojia iliweka Mombasa, Malindi na Meru katika awamu moja, ya Februari 2015. Katikati ya mwezi huo NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani, zikarejea mwanzoni mwa Machi. Kila familia ikalazimika kutafuta king'amuzi, na asiyekuwa na pesa akabaki na kioo cheusi.

Upande wa simu, masafa ya 800 yalianza kutumika kwa 4G. Safaricom ililipa dola milioni 25 kwa kipande chake.

Kuna tatizo moja nililolikuta mara nyingi. Watu bado wana antena zenye kikuza mawimbi cha zamani, kilichotengenezwa kupokea kila kitu hadi 862. Kikuza hicho sasa hukuza pia mawimbi ya mnara wa simu, ambao hurusha kati ya 791 na 821. Nyumba ikiwa karibu na mnara, kikuza huzidiwa na picha ya runinga hukatika vipande vipande. Kabla hujanunua king'amuzi kingine, chomoa kikuza ujaribu bila hicho, au mwombe fundi akufungie kichujio kinachozuia masafa ya simu. Kisha tafuta chaneli upya. Tatizo likiendelea, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwani ni kazi yake.

Kilichobaki

Mwishoni mwa 2023 dunia ilikutana tena, Dubai. Safari hii waliozungumzia simu walitaka hata 470 hadi 694, uwanja wa mwisho wa runinga. Baadhi ya nchi za Kiarabu zilichukua sehemu ya juu yake kwa ajili ya simu. Suala hilo litatazamwa tena katika kongamano la 2031.

Mimi sipingi simu. Ila naona kuna tofauti tusiyopaswa kuisahau. Runinga ya bure haiombi bando. Mama wa Igembe au wa Msambweni akishanunua king'amuzi cha matangazo ya bure, halipi tena kila anapotazama. Siku ya uchaguzi au ya mafuriko, mtambo mmoja huwahudumia watazamaji laki moja sawasawa na watazamaji kumi, lakini mtandao wa simu hulemewa watu wanapoongezeka. Tukiyaachilia masafa hayo, hatutayapata tena, kwani hakuna kampuni itakayorudisha ilichonunua kwa mamilioni.

Kwa hiyo kabla Kenya haijakubali kutoa kipande kingine, walioomba watuonyeshe kwanza kwamba 700 na 800 zimefika vijijini, katika mabonde ya Meru na Embu na huku kwetu Kwale na Tana River, si mijini tu. Katiba ya 2010 inadai wananchi washirikishwe. Mamlaka ya Mawasiliano itakapoita maoni, wakulima, wavuvi, viongozi wa dini na vituo vidogo vya lugha za nyumbani wawepo, inshallah. Msimamo tutakaoupeleka 2031 utaandikwa hapa nyumbani, na asiyekuwepo ukiandikwa ataletewa tu matokeo.